Mwili Wake Nani Anaulinda?

Teddy, filamu ya Kitamil, ilitoka Machi 2021. Msichana anafika hospitali na jeraha dogo, anatiwa usingizi wa dawa ili viungo vyake viuzwe, na roho yake inahamia kwenye mdoli wa dubu. Wahakiki niliowasoma walilipenda wazo, wakalalamikia mantiki. Nami, mwanafunzi wa uzamili, niliwafuata. Katika insha yangu ya darasani niliandika kwamba hadithi haiaminiki.

Likizo nilirudi Kibiti. Bibi alikuwa ametoka Nyamisati kumuuguza mjomba, ambaye hakuwa ameamka tangu aanguke na pikipiki. Usiku ule nilitaka kumchangamsha. Nikafungua kompyuta, nikamtafsiria Teddy kama wanavyofanya wale wa vibanda umiza: hapa naruka, pale naongeza chumvi, dubu nikampa lafudhi ya Kindengereko.

Dubu alipoanza kupigana, nilisubiri acheke. Hakucheka.

"Huyo binti, mwili wake nani anaulinda?"

"Ni filamu tu, Bibi."

"Sijakuuliza kama ni filamu."

Sikuwa na jibu. Mantiki ya Teddy bado ina matundu, na alama nilizopewa kwa kuyaonyesha zilikuwa nzuri. Ila swali la Bibi halikuwamo kwenye insha yangu, wala kwa mhakiki yeyote niliyemnukuu.

Alfajiri nilikuta kitanda chake kitupu. Alikuwa ameshakwenda hospitali, saa nyingi kabla ya muda wa kuona wagonjwa. Nilimkuta amekaa kwenye kizingiti, kanga begani, anangoja mlango ufunguliwe.