Maua Tunayoyala na Neno Nililolisema

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyeiotesha ardhi kila namna ya mimea, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu wasomaji, waume kwa wake, mwezi huu nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo dogo la jikoni, nalo ni maua tunayoyachuma tukayala na kuyanywa. Nalidhani kuwa ni khabari ya mapishi tu. Lakini kila nilipoishika kalamu nalikumbuka kosa langu moja lililozaliwa na dumu la maji ya choya, nikaona si haki kusimulia utamu nikaficha uchungu. Basi nitayasema yote mawili.

Wako watu wakiambiwa kuwa maua huliwa, hucheka. Kwao ua ni la kunusa, la kutungwa kikuba na la kumpamba bibi arusi. Ilhali ni nadra kuipata nyumba ya pwani isiyokula maua. Karafuu tunayoitia katika pilau na chai ni ua ambalo halijafunuka: huchumwa pale linapoanza kuacha ukijani na kuingia wekundu, kisha huanikwa juani siku kadhaa mpaka likakauka na kugeuka rangi. Likiachwa mtini likafunuka, thamani yake hupotea. Zafarani nayo ni nyuzi tatu nyekundu zilizomo ndani ya ua dogo la rangi ya zambarau, na huchumwa kwa mkono, ua baada ya ua, ndiyo maana bei yake haishikiki. Na marashi ya waridi tunayoyatia katika halua na sharbati hupatikana kwa kuyachemsha maua na kuukusanya mvuke wake.

Mimi ilimu hii nalianza kuipata kwa marehemu mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Baada ya Sala ya Alfajiri alikuwa akituchukua shambani kuchuma maua ya maboga kabla jua halijawa kali, kwani ua la boga hufunuka alfajiri, na ikifika adhuhuri limekwisha sinyaa. Alitufundisha kutambua ua dume na ua jike. Jike lina kiboga kidogo chini yake, na dume husimama juu ya kikonyo chembamba kirefu. Akituambia, "Chumeni madume, na msiyamalize. Mkiyamaliza, nyuki atachukua wapi unga wa kuwapelekea majike?" Tukirudi nyumbani twayapasua, twaondoa kijiti cha katikati, twayakung'uta wadudu na kuyaosha. Yeye hupika kwanza majani machanga ya maboga kwa kitunguu, nyanya na tui la nazi, na maua huyatia mwisho kabisa, kwa sababu hayahitaji moto mwingi.

Ama choya, ambayo Waarabu wa Misri na Sudani huiita karkade, ni jamaa wa bamia na pamba. Ua lake lina rangi ya manjano hafifu na jicho jekundu la giza, nalo hufunuka asubuhi na kunyauka siku ile ile. Tunachokitumia aghalabu si ua lenyewe bali kile kikombe chekundu kilichokuwa kikilishika, ambacho huendelea kunenepa baada ya ua kuanguka. Huchumwa kingali kichanga, kikivunjika kwa urahisi baina ya vidole. Ndani yake mna tumba la mbegu. Hilo hutolewa, na mbegu zilizokomaa huwekwa kwa kupanda mwaka wa pili. Vikombe huoshwa, vikaanikwa juu ya mkeka safi penye upepo mpaka vikauke barabara.

Kwa kuitengeneza, chukua kikombe kimoja cha choya kavu kwa vikombe vinane vya maji. Chemsha dakika 10 pamoja na kipande cha tangawizi na karafuu mbili, funika, acha ipoe, chuja, kisha tia sukari kwa kiasi. Usitumie sufuria ya alumini, kwani ukali wa choya huila. Wataalamu wa siku hizi wameona kuwa kinywaji hiki huweza kuteremsha kidogo shinikizo la damu, kwa hiyo anayetumia dawa za shinikizo, au mwenye mimba, yampasa amuulize daktari wake kwanza.

Na katika kuchuma maua kuna adabu tatu. Ya kwanza, usile ua usilolijua, maana yako mazuri ya kutazama yanayoua. Ya pili, usichume lililonyunyiziwa dawa ya wadudu. Ya tatu, usichume katika ua wa mtu bila ya idhini yake, hata likiwa limeinama upande wa njia.

Liko na jambo la nne, nalo ndilo lililoniponza. Maji yoyote matamu ya matunda au maua yakikaa sana huchacha, na yakichacha huweza kuwa kileo, na kila kilevyacho ni haramu. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwa Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akirowekewa zabibu, akinywa maji yake siku ile, na ya pili, na ya tatu mpaka jioni, na yakibaki hunyweshwa mtu mwingine au humwagwa. Nasi katika joto hili la pwani, kinywaji kisichowekwa penye baridi huharibika hata kabla ya muda huo. Dalili zake ni povu, harufu kali, na kifuniko kufura na kulia kinapofunguliwa.

Ilikuwa katikati ya Ramadhani ya mwaka 2019. Karibu na chuo changu akikaa mama mmoja mjane, aliyenizidi umri kidogo, na maisha yake yakitegemea choya. Aliipanda mwenyewe nyuma ya nyumba, akaichuma, akaianika, na kila alasiri aliuza maji yake barazani kwa wanaotaka kufuturu. Siku ya Jumatatu, kabla ya Magharibi, nalifungua stoo ya chuo kutafuta vyombo vya futari ya watoto, nikaliona dumu la choya. Nalijua ni lake kwa kitambaa alichofungia. Nikadhani amelileta mchana ule. Nilipofungua kifuniko kililia, povu likapanda, na harufu ikanipiga puani.

Sikuuliza. Watoto walikuwapo, na wazee wawili waliokuja kufuturu nasi walikuwapo. Nikasema kwa sauti kubwa, "Haya ni maji ya kulevya! Yamwageni. Na mkawaambie wazazi wenu wasinunue kitu kwa mtu huyu." Watoto wakayamwaga, na neno langu wakalipeleka nyumbani kama nilivyowaagiza. Siku zote zilizobaki za Ramadhani nalipita mbele ya baraza yake nikaona mitungi yake imejaa na hapana anayenunua. Nisiwafiche, nalijiona nimeinusuru dini. Yeye hakuja kwangu wala hakumtuma mtu.

Siku ya nne baada ya Sikukuu, kijana wangu mmoja wa chuo, wa umri wa miaka 12, alibaki nyuma baada ya wenziwe kutoka. Akasimama mbali nami, akalia, akasema, "Maalim, lile dumu lililetwa Alkhamisi. Bibi alinipa mimi, akaniambia linywewe usiku ule ule. Wewe ulikuwa umekwenda mazikoni. Nikaliweka stoo, nikasahau." Nikamwuliza, "Kwa nini hukusema?" Hakujibu, lakini macho yake yalikwenda kwenye bakora yangu iliyotundikwa ukutani. Hilo likawa jawabu.

Siku nne dumu limefungiwa katika stoo yenye joto! Zawadi ilikuwa halali ilipotoka mikononi mwake, na ikaharibika katika mikono yetu. Nami husomesha watoto Suratul Hujurat kila mwaka, ambamo Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuhakikishe khabari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, na akatukataza dhana nyingi. Nalikuwa nikiisomesha kwa ulimi, na ulimi huo huo ndio uliokosa.

Nalikwenda kwake alasiri ile. Nalimkuta anachambua mbegu katika ungo. Alinikaribisha na kunipa kiti kama ilivyo desturi yake. Nilipomaliza kueleza, akasema, "Maalim, hayo naliyajua tangu usiku ule. Nalijua siku niliyolileta, na nalijua niliyempa." Nikamwambia, "Dada, kwa nini hukuja kunikosoa?" Akasema, "Ningalikuja, ungalimpiga mtoto yule. Biashara yangu hufa ikafufuka. Mtoto akikichukia chuo harudi tena."

Wallahi, sijapata kusomeshwa darasa zito kuliko lile. Mimi niliyeitwa Maalim nalimwogopesha mtoto hata akaificha kweli, na yeye aliyedhulumiwa alikubali njaa ili mtoto huyo asiumizwe. Nikamwomba radhi. Akasema, "Mimi nimekusamehe. Lakini ulilisema mbele za watu, basi lirudishe mbele za watu."

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa aliyemdhulumu nduguye katika heshima yake au kitu chochote, atake kuhalalishwa hapa hapa duniani kabla ya siku ambayo dinari na dirhamu hazifai. Kwa hiyo Ijumaa iliyofuata, kwa idhini ya imamu, nalisimama baada ya sala nikaeleza yote: nilivyoona, nilivyodhani na nilivyosema, na kuwa sikuuliza. Miguu ilinitetemeka. Kisha nikayarudia yale yale chuoni mbele ya watoto. Jioni ile baadhi ya watu walikwenda barazani kwake, wakanunua. Lakini nasema kweli, wako ambao hata leo hawanunui, na ukiwauliza hawakumbuki sababu. Hukumbuka tu kuwa palikuwa na neno. Wahenga wamesema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi nalimwaga dumu moja, na neno nililolimwaga pamoja nalo bado limo njiani.

Bakora ile nimeiondoa ukutani. Mahali pake nimetundika ubao mdogo, na kila kitu cha kula au kunywa kinacholetwa chuoni huandikwa siku yake na jina la aliyekipokea. Ukutani kwa nje watoto wamepanda choya kwa mbegu za mama yule, na yeye ndiye aliyekuja kuwaonyesha namna ya kuchuma pasipo kuvunja tawi. Nami nalikaa pamoja nao nikasikiliza.

Enyi mama wa nyumba, pikeni maua, kwani ni neema nyepesi isiyohitaji fedha nyingi. Andikeni siku juu ya chupa. Mpelekeeni jirani, na jirani akikuleteeni msiidharau zawadi yake, kwani Mtume (s.a.w.) amelikataza hilo hata zawadi ikiwa ni ukwato wa mbuzi. Na mkikiona kimeharibika, ulizeni kwanza kimekaa kwa nani.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyasema bila ya ilimu, ampe mama yule riziki pana, na azilinde ndimi zetu. Amin.