Machela ya Luhomero

Goti langu la kulia halikunjiki vizuri hadi leo. Nikisali, nakaa kitini. Lakini naanza na shukrani, kwa kuwa kuna wakati nilidhani sitashuka milima ya Udzungwa nikiwa hai.

Hifadhi ya milima ile haizungukwi kwa gari. Hakuna barabara ndani yake. Unaingia kwa miguu, askari mwenye bunduki mbele kwa sababu ya nyati na tembo, wapagazi nyuma. Unaacha joto na mashamba ya miwa ya bonde la Kilombero, unapanda msitu juu ya msitu mpaka kwenye baridi ya kilele cha Luhomero, zaidi ya mita 2,500. Humo anaishi nyani wa Sanje, ambaye wataalamu walimtambua mwaka 1979 tu, ingawa wenyeji walikuwa wakimjua tangu zamani.

Tulikuwa tunashuka mvua ilipotukuta. Mguu uliteleza kwenye mzizi, goti likapinda upande usiopindika. Simu hazikushika mtandao. Redio ya askari ilikoroma tu.

Kukata mti hakuruhusiwi, kwa hiyo wapagazi walitafuta fito zilizoanguka zenyewe, wakazijaribu kwa kuzikanyaga, wakafunga turubai kwa kamba. Ikawa machela. Kwenye kona kali haikupita, nikabebwa mgongoni kama mtoto, nikipiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia kinywani mwangu.

Usiku homa ikapanda na vidonge vya maumivu vikaisha. Siafu walitukurupusha, tukahama gizani, majivu yakamwagwa kuzunguka nilipolala. Nikawaambia waniache, waende kuleta watu. Mpagazi mkubwa kuliko wote, ambaye sote tulimwita Mzee, akanisukumia kikombe.

"Mwanangu, hapa ni njia ya tembo. Kunywa uji, unyamaze."

Asubuhi ni yeye aliyetutoa kwenye njia ya wageni, akatupitisha kwenye mgongo wa kilima usio na alama yoyote. Alipajua kwa sababu utotoni alikuwa akifuatana na mama yake kuokota kuni. Ruhusa ya kuokota kuni waliendelea kuwa nayo wanavijiji hata baada ya hifadhi kuanzishwa mwaka 1992, mpaka ilipofutwa 2011. Sibishi kwamba msitu ulindwe: mito yake ndiyo inayonywesha mpunga kule chini. Ila vijana waliokuwa wamebeba ncha nyingine za machela hawakuijua njia ile. Walikuwa wakimuuliza kila hatua, na wao ni wazaliwa wa pale pale, kijiji kimepakana na msitu. Akizeeka yeye, sijui atakayefuata atamuuliza nani.

Tulitokea nyuma ya shamba la ndizi. Mama mwenye shamba hakuuliza jambo. Alitandika mkeka, akaleta maji ya moto, akamtuma mtoto akaite bodaboda mbili na mtu mwenye gari. Hospitalini Ifakara nilifungwa plasta, baadaye nikapasuliwa.

Wapagazi walilipwa ujira wao wa kawaida. Kwenye bei zao hakuna kipengele cha kubeba mtu. Nilipopata nafuu nikamtumia Mzee hela kwa simu, awagawie wenzake. Akairudisha yote. Akapiga kunieleza kwamba hela ya watu wengi haipitii mfuko mmoja, akanisomea namba za wote, polepole, na kuzirudia, mpaka nikaziandika.