Kiota Katika Dohani

Adabu ya mwenye nyumba haipimwi kwa wageni aliowaalika, bali kwa wale waliokuja bila ya kualikwa. Mgeni aliyealikwa huja kwa siku yake, na chakula chake hufanyiwa hesabu mapema. Asiyealikwa huja na haja yake tu. Katika wageni wa namna hii ni wachache waletao mashaka makubwa kuliko kimo chao kama ndege aliyejenga kiota mahali pa moshi.

Dohani si kitu cha kila nyumba katika wilaya ya Kilosa. Mji wenyewe uko kiasi cha mita 500 juu ya bahari, na joto lake halimlazimishi mtu kuota moto ndani. Moshi wa jikoni aghalabu hujitafutia njia kati ya ukuta na paa. Walakini majiko makubwa ya kuni, yale yanayopikia watu wengi kwa mara moja, huhitaji bomba au dohani ya matofali ili moshi usiwatoe wapishi machozi. Na majiko ya namna hiyo ni ya shule za bweni. Likizo inapofika majiko hupoa. Likizo ya Desemba hukutana na mvua, na mvua ndiyo iletayo tope la kujengea na wadudu wa kulishia makinda. Basi mbayuwayu na mwenziwe teleka, ambao hupenda mapaa, madaraja na kila tundu lenye kivuli, huweza kuiona dohani iliyopoa kuwa ni nyumba isiyo na mwenyewe.

Kosa si lao. Katika Afrika ya Mashariki wako teleka wanaotaga mayai ndani ya mapango ya mibuyu mikubwa. Mibuyu husimama pia Mikumi, katika hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964 na kupitiwa na barabara kuu. Mbuyu wenye pango ni dohani isiyojua moto: una giza, una kuta za wima, una mdomo wazi. Huko Amerika ya Kaskazini yuko teleka aliyekuwa akikaa katika miti yenye mapango. Walowezi walipokata misitu na kujenga nyumba zenye dohani, alihamia humo kwa wingi hata akaitwa kwa jina la dohani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1918 inayohifadhi ndege wahamao humlinda yeye, mayai yake na makinda yake. Ndege hasomi hati ya kiwanja. Husoma ukuta, na ukuta wa dohani humwambia kuwa huu ni mti.

Mashaka huanza siku ya kufungua shule. Mpishi hufika alfajiri na mzigo wa kuni, akasikia juu ya kichwa chake vilio vyembamba vya makinda. Njia mbili fupi ziko mbele yake: kuwasha moto, au kukivuta kiota kwa ufito. Njia ya kwanza huwaua makinda kwa moshi kabla ya kujua kazi ya mabawa. Wala haina salama kwa mwenye kuifuata. Maana dohani iliyozibwa kwa nyasi na manyoya huurudisha moshi jikoni, na cheche ikishika kiota kikavu moto huweza kupanda mpaka paani. Njia ya pili hufanana na ya kwanza kwa mwisho wake. Miguu ya teleka ni mifupi, nayo imeumbwa kwa kushika ukuta, si kwa kutembea. Kinda lake lililoanguka chini haliwezi kujiokoa.

Lakini ni dhuluma kumlaumu mpishi kabla ya kuyapima mambo yake. Nyuma yake wako watoto mamia wanaongoja uji. Moshi ni adui wa macho na mapafu, na wengi wa wanaouvuta jikoni ni wanawake. Mtu anayeamuru ndege waachwe, hali yeye hapiki wala hachanji kuni, amesema neno la bei rahisi. Huruma inayolipwa na mtu mwingine si huruma. Ni amri iliyovaa nguo za huruma. Kwa sababu hii swali la kweli si kama makinda waishi au wafe, ila ni nani atakayechukua uzito wa kuwangojea.

Uzito huo una kipimo. Mbayuwayu, tangu kuatamia mayai hata makinda kuruka, huchukua kiasi cha majuma matano au sita. Teleka huchukua kiasi cha miezi miwili. Makinda wanaosikika wakilia wamekwisha kupita sehemu nzuri ya muda huo. Linalobaki ni majuma machache. Katika majuma hayo moto huweza kuhama, kiota hakiwezi. Mafiga matatu chini ya kibanda cha mabati hupika uji ule ule. Ni kweli kuni zitaliwa zaidi, na mvua itasumbua. Basi shule nzima na iuchukue mzigo: wakubwa watoe mabati na kuni za ziada, wanafunzi wachote maji, mpishi asiachwe peke yake na wema wa watu wote.

Makinda wakiisha kuruka, kazi ya mwenye nyumba huanza. Hutazama kwa siku kadhaa, asubuhi na jioni, mpaka awe na yakini kwamba hakuna ndege aliyebaki. Kisha hujifunga kitambaa puani, hulowanisha mavi makavu ili vumbi lake lisivutwe, huondoa kiota na kusafisha masizi. Mwisho fundi hufunga wavu wa chuma mdomoni mwa dohani, wenye matundu ya kupitisha moshi na kuzuia ndege; na wavu huo husafishwa mara kwa mara usizibwe na masizi. Kazi hii hufaa imalizike kabla ya mvua nyingine. Kufunga mlango mapema ni haki ya mwenye nyumba. Kuufunga juu ya makinda ni ukatili.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndege huyu amekuja na jembe lake: kutwa hukamata nzi, mbu na kumbikumbi angani, naye hakuomba posho.

Tanzania inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Katika barabara ya Mikumi yako pia mabango yanayomtajia dereva faini ya mnyama atakayemgonga, na dereva hupunguza mwendo kwa kuiogopa faini. Ndani ya jiko la shule hakuna bango wala askari wa wanyama. Hapo ndipo utu hujulikana ulivyo, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuusimamia.

Watu wa Kilosa hawahitaji kufundishwa thamani ya makao. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzo wa mwaka 2010 Mto Mkondoa ulifurika, ukavunja tuta na kuingia mjini. Reli iliharibika, na maelfu ya watu walipoteza nyumba, wengi wakahifadhiwa katika mahema. Msiba wa binadamu haulinganishwi na wa ndege, wala haifai kuulinganisha. Lakini mtu aliyewahi kulala hemani na watoto wake, akingoja maji yapungue, anajua muda ni kitu gani kwa asiye na pa kwenda. Anaweza kuutoa muda huo kwa kiumbe kingine bila ya kuhubiriwa, na mafiga yake yakakaa nje majuma machache.