Karai la Mama

Karo yangu hutoka katika karai la maandazi la mama. Nami kwa kuona haya, niliwaambia wenzangu kuwa mama ni karani.

Kisha nikasoma habari za Martha Stewart wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1941. Mwaka 1976 alianza kazi ya kuwapikia watu karamu. Mwaka 1999 hisa za kampuni yake ziliuzwa New York, akawa tajiri mkubwa. Lakini mwaka 2004 alihukumiwa kifungo cha miezi mitano, kwa kuwadanganya wapelelezi juu ya hisa alizouza. Jiko lilimpandisha, uongo ukamwangusha.

Jioni ile niliwaambia wenzangu kweli. Hawakucheka, waliuliza mbona siwaletei maandazi.