Kinachomwangusha Mwenye Pikipiki: Nasaha kwa Mpwa Anayeingia Boda Boda

Sagana, Kirinyaga

Kwa mpwa wangu,

Pikipiki nyingi huanguka bila kugongwa na gari lolote. Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walichunguza ajali zaidi ya 900 za Los Angeles, na ripoti yao ya 1981 ilionyesha kwamba takriban robo yake hazikuhusisha chombo kingine. Katika nyingi ya hizo kosa lilikuwa la mwendeshaji: breki iliyofungwa kupita kiasi, au kona iliyoingiwa kwa kasi. Barabara za Sagana ni nyingine, lakini makosa ni yale yale.

Kiini chake ni mshiko wa tairi. Sehemu ya tairi inayogusa barabara ni ndogo, yapata kiganja cha mkono, na breki, kona na uzito wote hutegemea hapo. Mshiko huo ni kama mshahara: uliolipa kodi ya nyumba haununui unga. Anayeumaliza kwenye breki hubaki hana wa kukatia kona.

Kwenye breki, mguu hufunga gurudumu la nyuma na mkono wa kulia hufunga la mbele. Mwendo unapopunguzwa uzito huhamia mbele, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo yenye nguvu ya kusimamisha. Wengi huiogopa, wakakanyaga ya nyuma peke yake. Gurudumu hujifunga na mkia ukateleza kando. Anayeiminya ya mbele kwa ghafla naye huanguka upesi zaidi. Zinazofaa ni zote mbili kwa pamoja, pikipiki ikiwa wima, mkono ukianza polepole na kukaza kadiri uzito unavyosogea mbele. Kasi ikiongezeka maradufu, umbali wa kusimama kwa breki huwa mara nne. Kwa kilomita 60 kwa saa, pikipiki hupita karibu mita 17 kila sekunde, hata kabla vidole havijafika kwenye breki.

Kosa la kona hufanywa kabla ya kona. Mwendo hupunguzwa njia ikiwa bado imenyooka. Ndani ya kona mafuta hushikwa sawasawa na macho hutazama inakotokea njia. Anayeshtuka katikati akakazia macho mtaro huishia mtaroni. Stendi ya kando nayo ina madhara yake: ikisahauliwa chini, hugonga lami pikipiki inapolala kushoto na kulipunguzia gurudumu la nyuma mshiko.

Barabara kuu ya Kenol–Sagana–Marua hushawishi kukimbia, ila hatari yake iko kwenye maungio. Njia za murramu kutoka mashambani humwaga changarawe na tope juu ya lami, hasa wakati wa mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huchanganya vumbi na mafuta yaliyodondoka, na lami huteleza kuliko mvua ikishanyesha kwa muda. Ndani ya vijiji, udongo mwekundu hujaza mikato ya tairi mpaka tairi liwe kama halina meno. Upande wa Mwea, udongo mweusi hunata na kuteleza. Hapo hutumika gia ndogo na mafuta kidogo yasiyobadilika, breki ikiguswa kwa uchache.

Mzigo hubadilisha pikipiki nzima. Kreti za nyanya kutoka soko la Kagio zikirundikwa juu na kutokeza nyuma ya gurudumu, la mbele huwa jepesi. Usukani hucheza na breki ya mbele hupoteza nguvu. Mzigo hufaa ukae chini, karibu na mwendeshaji, na kufungwa pande zote. Sheria ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu. Wa pili humsukuma mwendeshaji kwenye tangi na kumbana mikono. Kamba iliyolegea, au leso ya abiria, ikiingia kwenye spoki au mnyororo, gurudumu hujifunga papo hapo.

Ubovu wa mashine huonekana asubuhi kwa anayeangalia: tairi kipara au lenye upepo mdogo, mnyororo uliolegea unaoweza kuruka na kufunga gurudumu, usukani wenye mchezo, viatu vya breki vilivyolika. Viatu hivyo vikilowa maji, breki huchelewa kushika. Baada ya kuvuka dimbwi hukaushwa kwa kuguswa kidogo kidogo.

Mwisho ni mwendeshaji mwenyewe. Pombe huchelewesha mkono na humfanya mtu aone kasi ni ndogo. Muguka wa Mbeere, majani yanayotafunwa, hufukuza usingizi kwa muda, lakini mwili uliochoka hubaki umechoka. Anayekimbiza hela ya siku usiku hukosa kuona shimo, tuta na changarawe kwa wakati.

Helmeti haizuii kuanguka. Hata hivyo, mapitio ya tafiti ya Cochrane ya 2008 yalikadiria kwamba hupunguza vifo vya waendeshaji wanaopata ajali kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Faida hiyo hupatikana mkanda ukifungwa kidevuni, na abiria naye akiwa na yake.

Ni mimi,
Mjomba wako