Kilichoshika kwa Sababu

Kona za barabara ya Kisii kwenda Nyamira hazisamehe gari lisilo na honi. Milima ya Gusii imejaa watu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya milioni 1.2 katika kaunti ya Kisii na zaidi ya laki sita Nyamira. Ukipinda tu unakutana na bodaboda iliyopakia mikungu ya ndizi, mama aliyebeba kikapu cha majani chai mgongoni, au watoto waliotoka shule wakitembea wanne wanne kando ya lami. Dereva wa huku hupiga honi kabla hajaona kilicho mbele. Ndiyo maana mdogo wangu, anayeendesha Probox ya abiria, aliacha kubeba watu siku honi ilipokufa na taa ya eabegi, ule mfuko wa hewa wa kumkinga dereva, ikawaka kwenye dashibodi. Nilimsindikiza kwa fundi wake, Daraja Mbili, mjini Kisii.

Tatizo lenyewe lilikuwa dogo. Nyuma ya usukani kuna kikasha cha plastiki chenye utepe mwembamba wa nyaya. Utepe huo hukunjuka na kujikunja kila usukani unapozungushwa, na ndio unaounganisha umeme na honi pamoja na eabegi. Gari linalokata kona kutwa kucha huuchosha, mwishowe ukakatika. Kuweka mwingine si kazi. Kazi ni kuufikia, kwa maana usukani wote lazima utoke kwanza, na kitovu chake, ambacho mafundi hukiita habu, kilikuwa kimeumana na shafti tangu gari lilipotoka kiwandani Japani.

Fundi hakuanza kwa kuigusa nati inayoushika usukani. Alinyoosha magurudumu yatazame mbele, akafungua waya wa hasi kwenye betri, kisha akaenda zake kumhudumia mteja mwingine. Mdogo wangu alianza kunung'unika kwamba siku inapotea. Lakini mtambo wa eabegi hubaki na umeme wake hata betri ikishafunguliwa, na Toyota huwaagiza mafundi wasubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote hapo, isije ikafumuka usoni mwa mtu. Aliporudi alifungua bolti mbili za pembeni, akaitoa eabegi na kuilaza pembeni ikitazama juu. Nati ya usukani, ya milimita 19, ikalegea bila shida. Hakuitoa. Aliiacha imeshika nyuzi chache kwenye ncha ya shafti. Kisha akachovya kijiti kwenye rangi nyeupe na kuchora mstari mmoja uliopita juu ya shafti na juu ya habu, ili usukani ukirudi urudi pale pale ulipokuwa.

Mdogo wangu ni mtu wa nguvu. Aliushika usukani kwa mikono yote miwili, akaegemeza magoti, akavuta. Akautikisa kushoto na kulia, juu na chini. Haukusogea. Kijana mmoja wa gereji akaja na nyundo, na hapo fundi, ambaye tangu asubuhi alikuwa akisema kwa upole, akapaza sauti: "Weka hiyo chini! Ukigonga shafti umeua gari."

Alikuwa na haki ya kupaza sauti. Nguzo ya usukani katika magari ya siku hizi imeundwa ijikunje gari linapogonga, isije ikamchoma dereva kifuani. General Motors ya Marekani iliiweka katika magari yake ya mwaka 1967, na kampuni nyingine zikafuata. Ili iweze kujikunja, ndani yake mna vipande vilivyofanywa dhaifu makusudi. Nyundo inayopigwa kwenye ncha ya shafti huweza kuvivunja, na dereva asijue mpaka siku ya ajali. Habu ingetoka, naam, na gari lingerudi barabarani likiwa limepoteza kinga ambayo hakuna jicho linaloweza kuona kwamba haipo.

Nilimwuliza kama kilichoikamata habu ni kutu. Huku kwetu mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na lawama ya kwanza huwa ni kutu.

"Kutu ipo kidogo, mwalimu," alinijibu. "Lakini hata gari lingekuwa jipya, hii ingegoma. Ilitengenezwa ishike."

Hilo ndilo neno nililoondoka nalo. Ncha ya shafti ya usukani ina meno, na imechongwa ikiwa nyembamba juu na nene kadiri unavyoshuka. Nati inapokazwa kwa mkazo wa nyutoni mita 50, kama Toyota inavyotaka, huisukuma habu ishuke kwenye unene huo hadi chuma kiume chuma. Ukiiondoa nati, mng'ato haulegei eti kwa sababu nati imeondoka. Na ni heri haulegei. Kila abiria aliyefika Keroka au Kebirigo akiwa mzima alifika kwa sababu habu ile haikuteleza kwenye shafti hata kidogo, mvuani, usiku, gari likiwa limesheheni. Tulikuwa tumeizunguka tukiiita kaidi, ilhali ukaidi huo ndio uliokuwa umetubeba.

Tangu siku hiyo ninasita kumwita mtu mkaidi kabla sijauliza alikuwa ameshikilia nini, na kwa ajili ya nani.

Fundi alileta pula. Ni chombo rahisi: kipande cha chuma chenye matundu, bolti mbili zinazoingia kwenye habu, moja kila upande, na bolti kubwa ya katikati inayokanyaga ncha ya shafti. Bolti mbili za pembeni alizizungusha kwa vidole, akihesabu mizunguko. Zikizama mno, zitatoboa kile kikasha cha nyaya kilicho nyuma. Upande mmoja ukizama kuliko mwingine, habu itainama na kuuma zaidi. Alipohakikisha pande zote mbili ziko sawa ndipo akaanza kukaza ya katikati kwa spana, robo mzunguko tu, akasimama.

Uzuri wa pula ni kwamba nguvu yake haiendi popote. Bolti za pembeni zinavuta habu, ya katikati inasukuma shafti, na nguvu zote hukutana pale pale palipokwama. Nguzo ya usukani haisukumwi, dashibodi haiyumbi, mgongo wa fundi hauumii. Mdogo wangu alipokuwa akivuta, nguvu yake ilikuwa ikitikisa gari zima, kiti, sakafu hadi springi, na sehemu ndogo sana ndiyo iliyofika kwenye habu. Hakupungukiwa nguvu. Alikosa pa kuiegemeza.

Robo mzunguko. Akanyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, akangoja. Robo nyingine. Katika kungoja huko niliwakumbuka wapasuaji wa jadi wa Abagusii, ababari, ambao madaktari wa kigeni waliandika habari zao katika karne ya 20. Mtu aliyepigwa kichwani na kuandamwa na maumivu ya muda mrefu alipelekwa kwa omobari, naye alipasua ngozi na kuparua mfupa wa fuvu taratibu mpaka afike panapotakiwa. Aliparua, hakugonga. Chini ya mfupa kuna ubongo, na mkono wenye haraka ungeua mgonjwa wakati wa kumponya. Nchi hii ilikuwa na elimu ya mkono mpole kabla ya gereji ya kwanza kufunguliwa Kisii, na inanipa fahari kuiona bado inaishi katika vidole vya fundi wa Daraja Mbili.

Kisha ikalia, ka! Usukani uliruka mbele na kuzuiwa na ile nati iliyoachwa kwenye nyuzi za mwisho. Isingekuwepo, ungempiga fundi kidevuni. Nati ikatolewa kwa vidole, usukani ukalazwa juu ya kiti, utepe mpya ukawekwa katikati ya mizunguko yake, mstari mweupe ukakutana na mstari mweupe, na jioni honi ikalia.

Ninayaandika haya kwa sababu ya baba yangu.

Baba alipanda chai upande wa Nyamira wakati ambapo mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa ikiwashawishi watu wa milimani kuzoea zao hilo jipya. Karo zetu zilitoka katika namba yake ya mkulima wa chai. Hati ya shamba aliiweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na kila mtu alipotaja habari ya kugawa, alijibu kwamba akifa tutagawana. Watu walimwita mkaidi. Miaka hiyo hiyo kulikuwa na wazee waliotoa hati zao ziwe dhamana ya biashara za wengine, na leo mashamba yale yana wenyewe wengine. Letu lipo. Lipo kwa sababu mkono mmoja ulikataa kufunguka.

Aliyemfungua ni baba mdogo, na sasa ndipo naelewa alichofanya. Kwanza alitutaka tunyamaze kuhusu shamba kwa muda, mpaka joto lililokuwa ndani yetu lipoe. Kisha akawakalisha kaka yangu mkubwa na mdogo wetu pande mbili za meza, mama na dada zetu wakiwepo, akakataa mmoja kusema zaidi ya mwenzake. Hakumsukuma baba kutoka nje kwa chifu wala kwa wakili. Alimwuliza mambo ambayo baba mwenyewe alikuwa akiyawaza usiku: nani atamlinda mama, nani hatauza. Na hakumwomba aachie vyote. Mistari ya chai iliyo karibu na nyumba ingebaki ya baba, namba ingebaki kwa jina lake, na bonasi ya kila mwaka ingeingia mfukoni mwake mwenyewe.

Siku aliyokubali, alikubali kwa ghafla. Alinyanyuka akaenda chumbani, akarudi na sanduku. Kabla ya kulifungua alituchukua sote shambani akatuonyesha kila mpaka na kisa chake, nani alipanda mti ule na kwa nini mfereji unapita pale, ili siku za mbele mtu asiseme hakujua mambo yalikaaje. Nimewaona wazee wengine walioachilia kila kitu kwa mkupuo wakawa wageni katika boma zao, wakiomba pesa ya sukari kwa wake wa watoto wao. Hao waliachia bila nati.

Shinikizo la ardhi huku si jambo la kubuni. Kisii ina zaidi ya watu 900 katika kila kilomita ya mraba, na vijana wana haki ya kuuliza watajenga wapi. Sisemi wasiulize. Nasema aliyeshikilia ameshikilia kwa sababu, na sababu hiyo ndiyo mahali pa kuegemeza mazungumzo.

Basi wewe ambaye mzee wako bado ameshika hati, usianze na korti wala na kelele za mkutano. Shamba halitagawanywa kihalali bila idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, ambayo sheria yake ni ya tangu mwaka 1967, kwa hiyo muda wa kufanya mambo kwa utaratibu unao. Keti kwanza na ndugu zako, na dada zako wawemo, maana Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi wa kijinsia katika ardhi. Mtafute mtu mmoja ambaye baba anamheshimu. Na mtakapofika mbele ya Bodi, sehemu ya mzee na mama iwe ndiyo ya kwanza kuandikwa.