Jina la Aliyeimba



Nimesahihisha madaftari kwa zaidi ya miaka thelathini nikifundisha Kiswahili katika shule za sekondari, lakini lipo moja ambalo hadi leo sijalimaliza. Jalada lake limetafunwa na mchwa, na kurasa za mwisho zimeshikamana kwa unyevu wa masika. Humo hamna insha ya mwanafunzi. Mna sauti ya shangazi yangu.

Nililiandika mwaka 1982, nilipokuwa mwanachuo wa ualimu na kurudi likizo nyumbani Mahurunga, karibu na mto Ruvuma. Mkufunzi wetu alituagiza tukusanye fasihi simulizi za kwetu. Wenzangu walikwenda barazani kwa wazee wa kiume. Mimi nilikwenda jikoni kwa shangazi, nyakanga wa unyago, mwanamke asiyejua kusoma wala kuandika, ila aliyezikumbuka nyimbo kama mvuvi akumbukavyo mikondo ya maji. Aliimba huku akipepeta mpunga, nami nikaandika. Alipochoka kuimba, alisimulia.

Alisimulia miaka ya vita vya ukombozi wa Msumbiji, vilivyoanza Septemba 1964: mitumbwi iliyovuka usiku, watoto waliozibwa vinywa wasilie, na wanawake wa upande huu waliogawa chakula cha nyumba moja kwa nyumba tatu. Vitabu humtaja Josina Machel, mpiganaji aliyefariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, na Msumbiji huiadhimisha siku hiyo kuwa Siku ya Wanawake. Anastahili. Lakini wale waliopika uji gizani, huku wakihesabu ni nani hakufika, mimi sijawaona katika kitabu chochote. Ninao katika daftari hili tu.

Sisi tupendao tenzi twajua jinsi sauti ya mwanamke inavyoweza kuponea chupuchupu. Mwana Kupona binti Msham alimtungia bintiye utendi mwaka 1858, naye alikuwa mgonjwa. Utendi huo umetufikia kwa sababu ulinakiliwa mkono kwa mkono. Leo miswada mingi ya Kiswahili iliyohifadhiwa katika chuo cha SOAS, London, yaweza kutazamwa mtandaoni. Hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, mikusanyiko yenyewe huitwa kwa majina ya waliokusanya: Taylor, Werner, Hichens, Allen. Aliyetunga hutafutwa ndani ya jina la aliyekusanya.

Siti binti Saad naye alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba kabla ya kuwahamasisha wanawake wajiunge na TANU. Sauti yake na za wenzake zimesikika zaidi kwa kuwa Susan Geiger aliketi nao, akawasikiliza, akatoa kitabu mwaka 1997. Kila mara lazima awepo mtu wa kuketi na kusikiliza. Mahurunga, mtu huyo alikuwa mimi, nami nikalifungia daftari sandukuni.

Mwaka jana binti wa binamu yangu alikuja na simu yake kupiga picha kila ukurasa.

“Shangazi,” aliniambia, “tukiyapandisha mtandaoni leo, hata mchwa hawatayaweza.”

Nilifurahi. Kisha tukafika ukurasa wa nyimbo za mwali, nikamshika mkono. Nilikumbuka maneno ya marehemu: “Haya ni ya waliochezwa, mwanangu. Usiyapeleke penye wanaume.” Nilikuwa nimeyaandika pembeni, kwa wino mwekundu, kisha nikayasahau.

Yupo atakayesema kuwa Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliipandisha ngoma ya unyago jukwaani mbele ya dunia. Ni kweli. Lakini Bi Kidude alichagua mwenyewe, na shangazi yangu naye alichagua. Nikimwokoa na mchwa kwa kuvunja ahadi niliyompa, nitakuwa nimehifadhi nyimbo na kumpoteza mwimbaji.

Kuna ukurasa mwingine mgumu zaidi. Shangazi alisimulia habari za wanawake wawili walioishi nyumba moja hadi uzeeni, wakalima shamba moja, na wa pili akafariki miezi michache baada ya wa kwanza. Watu waliwaita ndugu, ingawa hawakuzaliwa pamoja. Nilipouliza walikuwa nani, alijibu: “Walikuwa wawili.” Akaendelea kupepeta.

Sitawapa jina ambalo hawakujipa. Lakini pia sitaung’oa ukurasa huo kwa kuogopa wasomaji watafikiri nini. Johannesburg kuna hifadhi iitwayo GALA, iliyoanzishwa mwaka 1997 kutunza kumbukumbu za wapenzi wa jinsia moja, watu ambao barua na picha zao aghalabu zilichomwa na jamaa zao wenyewe. Moto wa namna hiyo hauchomi watu wa aina moja tu. Humchoma kila ambaye ukoo unaona maisha yake hayasimuliki: mjane aliyekataa kurithiwa, mwimbaji aliyedharauliwa, wawili waliokuwa wawili.

Basi tumeligawa daftari mafungu matatu. Masimulizi ya vita tunayaandaa yasomwe na wote, kwa maneno yake mwenyewe, Kimakonde na Kiswahili vikiwa bega kwa bega. Nyimbo za unyago zimepigwa picha, nakala zimewekwa mahali pawili, na zitabaki kwa wanawake waliochezwa wa ukoo wetu. Ukurasa wa wale wawili tumeutunza bila majina, mpaka tuzungumze na jamaa zao waliobaki. Nami jina la shangazi silitaji hapa, kwa kuwa ukoo bado haujakaa. Ukikubali, litasimama juu ya kila ukurasa. Langu litakuwa chini, mahali pa mwandishi wa imla.

Msomaji, kama una bibi aimbaye, keti naye wiki hii. Andika jina lake, mahali, tarehe, na lugha aliyotumia. Muulize nani aruhusiwe kusikia, na jibu lake uliandike kwa wino usiofutika. Usitegemee simu pekee, maana simu nayo ina mchwa wake. Mimi nilichelewa miaka arobaini, na kurasa nne za mwisho hazisomeki tena. Sikumbuki zilikuwa na wimbo gani.

Aloimba hakujua, kuandika wala soma,
Nami nikamwandikia, kila neno alosema,
Leo nikilifungua, nasikia ile ngoma,
Jina lake nitatia, lisibaki tena nyuma.